Kuweka Mguu Chini

Ndugu msomaji, je, taabu aliyojitafutia mtu mwenyewe ina heshima sawa na taabu iliyomkuta? Swali hili nililiokota mchangani, katika njia ya Kwihara, na hadi leo halijanitoka. Naomba tulibebe pamoja.

Chanzo chake ni picha. Rafiki yangu mmoja wa kijiweni alinionyesha jarida kuukuu la Ulaya. Ndani yake vijana wa rika letu wanakatiza milima ya Alps kwa baiskeli za gia, katika njia za juu kabisa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kulia theluji, kushoto genge. Nyuso zimekunjamana kwa maumivu lakini macho yanacheka. Nikauliza, "Hawa wanapeleka nini huko?"

"Hawapeleki kitu, mshikaji. Wanajipima."

Wanajipima! Neno hilo lilinichoma. Mimi nimemaliza kidato cha nne, naandika riwaya isiyoisha, na nyumbani naambiwa kila siku kwamba sina uvumilivu. Nikasema, basi na mimi nitajipima. Sisi Tabora hatuna Alps. Mji wetu uko juu kiasi, kama mita 1,200, lakini nchi yenyewe imelala kama mkeka. Tulicho nacho ni mchanga, na anayejua baiskeli anajua kwamba mchanga wa kiangazi ni mlima tosha. Nikaazima Phoenix ya kaka yangu, nikajiwekea sharti moja: kutoka mjini mpaka kwenye tembe la Livingstone kule Kwihara, kilomita chache tu, bila kuweka mguu chini hata mara moja.

Jumapili asubuhi nikaondoka. Katikati ya safari, mahali ambapo mchanga unameza tairi, nikamkuta mzee mmoja na magunia mawili ya mkaa kwenye keria. Baiskeli imenasa. Anaisukuma kwa bega, haisogei.

"Kijana, hebu nishikie hapo nyuma kidogo," akaniita.

Ndugu msomaji, nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini kusimama kulikuwa ni kuweka mguu chini. Nikapiga kengele, nikasema, "Shikamoo mzee, naja!" Nikapita.

Nikafika Kwihara sijagusa ardhi. Nilishangilia peke yangu pale nje kama mwendawazimu, kisha nikaingia ndani ya tembe kupumzika kwenye ubaridi wa kuta za udongo. Hapo ndipo furaha ilipoanza kunitoka.

Habari za pale mnazijua. Livingstone na Stanley walifika Kwihara Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani, na mzee wa watu akabaki akisubiri watu wa msafara wake mpaka Agosti. Alipoondoka hakurudi tena akiwa hai. Alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Kilichorudi huku Unyanyembe, Oktoba mwaka uleule, ni maiti yake iliyokaushwa na kufungwa, mabegani mwa akina Susi na Chuma na wenzao. Hapa wakamkuta Mwingereza Cameron na msafara wake, akawashauri wamzike hapahapa, yaishe. Wakakataa. Wakaubeba mzigo wao hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Na mimi nimeshindwa kushika gunia la mkaa kwa dakika mbili!

Nilipoanza kuandika makala haya nilitaka kusema kwamba taabu ya kujitakia ni mchezo wa walioshiba, na taabu ya kulazimika ndiyo ya kweli. Hukumu hiyo ni rahisi, na ingenipatia makofi kijiweni. Lakini haisimami. Nani aliwalazimisha Susi na Chuma? Bwana wao alikwisha kufa. Wangeweza kumzika kulekule wakaenda zao. Mzigo ule waliuchagua.

Na babu zetu Wanyamwezi je? Katika njia ile walipita watu waliofungwa minyororo, hilo tusilifiche. Lakini wapagazi wengi walibeba kwa ujira. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume. Milima ya Rubeho, iliyowatesa Burton na Speke mwaka 1857, wao waliipanda na pembe begani. Nao walikuwa wakijipima, bwana!

Tusiwaonee pia wale wa baiskeli. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili wa ukoo mmoja, Nicholas na Richard Crane, walizifikisha baiskeli zao kileleni Kilimanjaro, mita 5,895. Mahali pengi baiskeli ndizo zilizowapanda wao, begani. Wendawazimu? Pengine. Lakini walikuwa wakichangisha fedha za pampu za maji. Na kwenye Alps zenyewe, katika njia ya Great St Bernard, watawa walijenga nyumba tangu karne ya 11, na kwa karne nyingi walitoka nje kwenye theluji kuwatafuta wasafiri walionasa. Kumbe hata huko juu, sheria ya mlima ni hiyo: aliyenasa hapitwi.

Basi naona kosa langu halikuwa kujipima. Kosa lilikuwa kujitungia kipimo ambacho ndani yake binadamu mwenzangu anageuka kuwa kikwazo, sawa na shimo au kisiki. Sharti lisiloweza kuvunjwa kwa ajili ya mtu halimpimi mtu uvumilivu. Linampima ubinafsi tu, na mimi nilifaulu.

Nikageuza baiskeli mbio. Mzee nilimkuta chini ya mwembe, ameshatoka mchangani, anakunywa maji kwenye kidumu. Watoto waliokuwa wakienda kuchota maji ndio waliomsukuma. Nikamwomba radhi. Nikamweleza yote: picha, Alps, sharti langu la mguu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Kumbe na wewe ulikuwa na mzigo," akasema. "Ungesema tu, mwanangu."

Mpaka leo sijui kama alikuwa akinisamehe au akinicheka. Tuliondoka pamoja, yeye kashika usukani, mimi nasukuma nyuma, hadi mjini. Viatu vilijaa mchanga, shati likawa jeusi kwa vumbi la mkaa. Njiani hatukuzungumza sana.

Nimeyaandika haya kwenu waandishi wenzangu kwa sababu na sisi tuna masharti yetu. Kurasa tatu kila usiku, mlango umefungwa, asiniite mtu. Sisemi tuyaache, maana riwaya haijiandiki. Lakini juzi mama aliniita nimsaidie kuhamisha ndoo za maji, nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Naja!"

Safari hii niliinuka. Sentensi niliyoiacha katikati haijarudi hadi leo. Je, wewe msomaji, ungeinuka?