Mkaaji wa Tope Si Mchafuzi wa Tope



Sisi tunaokaa Nyamirambo tunaijua ruhurura. Ndivyo wenyeji wanavyouita mfereji mkubwa unaoshusha maji ya mvua kutoka milimani. Ruhurura ya Mpazi hupita Gitega na Kimisagara, ikamwaga katika mto Nyabugogo. Nyabugogo, unaotoka ziwa Muhazi, huingia Nyabarongo, na kwa njia ya Akagera maji hayo hufika ziwa Victoria. Povu la sabuni linalomwagwa hapa mtaani huenda lina safari ndefu kuliko ile tuliyoifanya wengi wetu.

Tunaleta swali. Mtu akikutwa mahali pachafu, je, ndiye aliyepachafua? Wengi hujibu upesi. Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba penye wakimbizi pana uchafu, kana kwamba tulikuja nao ndani ya mizigo yetu. Sisi tunaona swali hili linastahili kupelekwa mtoni, kwa viumbe wadogo wanaoishi chini ya maji, kwenye mawe na matope.

Geuza jiwe katika kijito safi chenye maji ya kasi. Utaona kidudu chenye mikia miwili au mitatu, na mashavu ya kupumulia yamepangwa ubavuni kama vijimanyoya. Mwingine hujijengea kijumba cha mchanga na vijiti, akatembea nacho. Hawa wanahitaji maji yenye hewa nyingi. Taka zikiingia, vijidudu vinavyoozesha taka huimaliza ile hewa, nao hujiachia wakachukuliwa na mkondo, au hufa palepale. Hata udongo mtupu unaoporomoka kutoka mashambani huwaua, kwa maana hufunika mawe na kuziba nafasi walizokuwa wakikaa. Aliyeuona Nyabarongo wakati wa mvua, mwekundu kama chai ya maziwa iliyoungua, anaelewa tunachosema.

Sasa nenda kwenye maji yanayonuka. Utakuta minyoo myembamba, na funza wekundu ambao baadaye huwa wadudu mfano wa mbu wasiouma. Wekundu wao unatokana na kitu kilekile kinachobeba hewa katika damu yetu. Kwa hicho wanaweza kukamata hewa kidogo iliyobaki pale ambapo wengine wamekwisha kukosa pumzi. Wanaweza kuwa maelfu, lakini ni wa aina moja au mbili tu. Mpita njia akiwaona huziba pua na kusema, hawa ndio uchafu wenyewe. Kumbe hawakuleta kitu. Wanakula kilichomwagwa na wengine, na kwa kukila wanapunguza kidogo mzigo wa mto. Kama kuna kiumbe aliyehukumiwa kwa sura yake, ni huyu.

Wataalamu waliufahamu ushahidi huu zamani. Mwaka 1909 Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, walichapisha orodha ya wanyama wanaoonyesha kiasi cha uchafu wa maji. Afrika Kusini walitengeneza njia yao: unachokoa mawe kwa mguu, unakinga wavu, kisha kila jamii ya wadudu inapewa alama kuanzia 1 hadi 15. Minyoo hupata 1. Wale wasiovumilia uchafu hupata nyingi. Watanzania nao walipata kipimo cha mito yao kwa mfano huo, kikachapishwa mwaka 2015. Faida yake ni hii: ukichota maji kwenye chupa Jumatatu mchana, hutajua kilichomwagwa Jumapili usiku, maana kimekwisha kupita. Lakini mdudu amekaa pale wiki na miezi. Alikuwepo usiku ule.

Hata hivyo hakuna mdudu mmoja anayeushitaki mto peke yake. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu, na hapa pia alama za jamii zote hujumlishwa. Asiyekuwepo naye anahesabika. Pale ambapo wale wa mikia mitatu wangepaswa kuwepo na hawapo, kukosekana kwao ni habari nzito kuliko wingi wa funza.

Lakini shahidi anasema mto unaumwa. Hasemi nani ameuumiza. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakimkamata shahidi. Ili kumjua mchafuzi ni lazima kupanda. Unapima chini, unapima juu, unaendelea kupanda hadi mahali ambapo aina nyingi bado zipo. Kati ya hapo na pale zilipopotea, ndipo penye bomba, au machimbo, au shamba lisilo na matuta. Harufu iko bondeni, sababu iko juu. Sisi tunapenda utaratibu huu kwa sababu unamchosha mwenye haraka ya kulaumu.

Unatugusa na sisi pia. Nyamirambo iko mteremkoni, na karibu kila nyumba iko juu ya nyumba nyingine. Mama anayefua Kimisagara hana namna ya kujua jina la aliyengoja mvua ndipo amwage taka zake. Kazi ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, huzibua mitaro. Hiyo ni njema, ila haimfikii yule anayemwaga usiku.

Neno moja kwa wazazi: mto wenye wadudu wazuri bado unaweza kuwa na viini vya kipindupindu. Maji ya kunywa yachemsheni.

Je, waliokimbia hurudi? Ndiyo, uchafu ukikoma. Wadudu hawa wakikomaa hupata mabawa, na wale wa kijito cha jirani huruka wakaja kutaga mayai hapa. Lakini kama vijito vyote vya jirani navyo vimekufa, hakuna wa kuruka.