Viatu Vinaweza Kuvaliwa Tena

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii inamfaa mtu aliyeanza kujenga nyumba au aliyekwisha kupeleka posa. Kwa mtu aliyesimama ukingoni mwa mto uliofura, begi mgongoni na wenzake wakimhimiza kwa nyuma, ni ushauri wa kuua.

Nayasema haya kwa kuwa siku hizi tumekuwa taifa la watembea porini. Jumamosi alfajiri matatu za kukodi hutoka Nairobi zikielekea Aberdare, Longonot, Ngong na Kereita, zimejaa watu wenye viatu vizuri, fimbo na makoti ya mvua. Wote wameulizia mlima. Mto hauulizwi na mtu.

Na mto husomeka. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa na yanabeba matawi, mto unajaa. Ukisikia mngurumo mzito chini ya maji, hayo ni mawe yanayoviringishwa, na hapo ndipo pa kuondoka. Tupa kijiti mkondoni utembee nacho sambamba. Kikikuacha, maji yana kasi kuliko miguu yako. Maji ya kasi yakipita goti, achana nayo. Watu huona kichekesho wakiambiwa goti, lakini mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, na kasi yake ikiongezeka maradufu, msukumo huwa mara nne. Kisha tazama chini ya kivuko kabla ya kutazama ng'ambo. Nikiteleza hapa, nitapelekwa wapi? Kama ni kwenye maporomoko, au kwenye mti ulioanguka ambao matawi yake hupitisha maji na kumzuia mtu, jibu umelipata.

Anga ya hapo ulipo haikwambii yote. Katika korongo la Njorowa, Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliua vijana 7 wa kikundi cha kanisa Aprili 2012, na Septemba 2019 yakaua watalii wengine. Mvua ikinyesha mbali, nyanda za juu, maji hushuka na kukukuta ndani ya kuta za mawe usikokuwa na pa kupandia.

Hata hivyo, sidhani ujinga wa mito ndio unaotuponza zaidi. Safari moja huko Aberdare tulifika alasiri kwenye kijito tulichokivuka asubuhi kwa kuruka mawe. Mawe hayakuonekana tena. Gari lilikuwa ng'ambo, na kijana mmoja akaketi kuvua viatu. (Hata ukiamua kuvuka, viatu havivuliwi: mguu mtupu huteleza na kukatwa na mawe.)

"Mzee, ni hatua chache tu hizi," akamwambia kiongozi wetu, mtu wa makamo aliyezaliwa Nyeri.

Mzee hakubishana naye. Akageukia kundi zima. "Nani hapa anaogopa? Aseme bila haya."

Kimya. Halafu nyuma kabisa, sauti ya mama mmoja: "Mimi, mzee."

"Basi mama ndiye kiongozi wetu leo. Tunarudi kwa njia ya daraja."

Wapo walionung'unika njia nzima, nami sikuwa mbali nao, maana njia ya daraja ni ndefu na tulifika garini usiku. Lakini tangu siku hiyo nimeliona lile swali kuwa lenye akili kuliko kijiti na goti. Katika kundi, wasio na hofu huwa wa kwanza kusema, na aliyeogopa humeza neno lake ili asiitwe mzigo. Aghalabu yeye ndiye aliyeyatazama maji vizuri.

Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika kule Mwingi, watu wakitazama kingoni. Zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa wakienda harusini. Ndivyo ilivyo mara nyingi: tunavutwa na kinachotungoja ng'ambo, iwe harusi, gari, kazi ya Jumatatu au pesa tulizokwisha kulipa. Mto hauna habari na ratiba hiyo. Huko New Zealand, katika karne ya 19, walowezi walikufa maji mitoni kwa wingi hata ajali hiyo ikapewa jina la nchi, ikaitwa kifo cha New Zealand. Leo wakufunzi wao wa usalama milimani hurudia jambo moja: ukiwa na shaka, usiingie. Hawaoni haya kumwambia mtu apige kambi angoje, kwa sababu mito midogo ya milimani hupungua upesi kama ilivyojaa.

Kwa hiyo, ninyi mnaoongoza vikundi, wafundisheni watu kufungua mikanda ya begi kabla ya kuingia majini na kutojifunga kamba kiunoni. Lakini kabla gari halijaondoka Nairobi, waambieni pia kwamba mmoja akikataa hakuna atakayevuka, na tengeni fedha za kulala siku ya pili.