Chapa ya Ukoo

Ukimtazama kwa hadubini, bakteria wa homa ya uti wa mgongo ni kama punje mbili za buni zilizolala tumbo kwa tumbo. Elfu moja wakipangwa mstari hufika milimita moja hivi. Karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi humbeba kooni, akala naye na kulala naye, asijue. Lakini siku akipenya hadi kwenye damu, anaweza kumuua mtoto ndani ya saa 24.

Kati ya makundi yake, wa kundi B ana hila ya pekee. Vazi lake la nje limefumwa kwa sukari inayofanana na ile ambayo Muumba ameipaka juu ya chembe zetu za neva. Askari wa mwili humwona, wakamdhani wa nyumbani, wakampisha. Siwalaumu, wameagizwa wasitupige sisi wenyewe, na agizo hilo ni rehema. Ila watengeneza chanjo waligonga ukuta. Chanjo za makundi A na C hutokana na vazi. Kwa B, vazi halikufaa.

Mwaka 1995 timu ya Craig Venter huko Marekani ilisoma vinasaba vya bakteria mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Rino Rappuoli, mtafiti wa chanjo mjini Siena, Italia, akaona hapo mlango. Wakaungana kumsoma huyu wa kundi B: zaidi ya herufi milioni 2.2, katika alfabeti ya herufi nne tu. Kompyuta ikapewa swali: ni protini zipi zinazokaa nje, mahali kingamwili zinapoweza kuzishika? Kwani protini nyingi zinazopelekwa nje hubeba mwanzoni kipande kifupi kinachosema ziende wapi, kama anwani juu ya bahasha. Kiumbe asiyeonekana kwa jicho, na barua zake zina anwani!

Zilitajwa takriban 570. Maabara ikafaulu kutengeneza 350 na kuzijaribu kwa panya. 28 zikaamsha kingamwili za kuua bakteria. Hayo yalichapishwa mwaka 2000, na chanjo iliyotokana na kazi hiyo ikapata kibali cha Umoja wa Ulaya Januari 2013. Moja ya protini zake kuu imenistaajabisha kuliko zote: bakteria huitumia kunasa protini ya damu yetu ambayo huwaambia walinzi, huyu mwacheni. Kumbe mbali na vazi, alikuwa na kitambulisho cha wizi.

Huyu ana ndugu: bakteria wa kisonono. Penisilini ilimweza, kisha ikashindwa. Siprofloksasini nayo vivyo hivyo. Sasa tegemeo kubwa ni sindano ya seftriaksoni, na wapo wasioisikia hiyo pia. Usugu huo husafiri kwa njia ya ajabu. Ukoo huu huokota vipande vya DNA vilivyoachwa na jamaa zao, na huvitambua kwa neno la herufi kumi lililorudiwa karibu mara 2,000 katika maandishi yao. Kipande chenye chapa ya ukoo hukaribishwa ndani, hata kama kimebeba siri ya kuishinda dawa.

Undugu huohuo ukawasaliti. New Zealand ilianza mwaka 2004 kuwachanja watoto na vijana dhidi ya aina ya kundi B iliyokuwa nchini humo, kwa chanjo iliyotengenezwa kwa viputo vya utando wa nje wa bakteria. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba kisonono kilikuwa pungufu kwa asilimia 31 hivi miongoni mwa waliochanjwa. Hakuna aliyekuwa amekusudia hilo. Viputo hivyohivyo vimo ndani ya chanjo ya Siena, pamoja na protini zilizochaguliwa na kompyuta, na tangu Agosti 2025 kliniki za Uingereza huwapa chanjo hiyo watu walio katika hatari kubwa ya kisonono. Kinga yake ni ya sehemu tu. Lakini huu ni ugonjwa unaoweza kumrudia mtu mara tano, na mwili wake bado usijifunze kuuzuia.