Maji Aliyoyamwaga Daudi: Heshima ya Kikristo kwa Askari wa Kilelengwani

Tarehe 10 Septemba 2012, majuma machache baada ya watu zaidi ya hamsini kuuawa Riketa katika mapigano ya Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, kijiji cha Kilelengwani katika delta ya Tana nchini Kenya kilishambuliwa, na kwa hesabu ya Msalaba Mwekundu watu 38 wakapoteza maisha, tisa kati yao wakiwa maafisa wa polisi. Kwa kuwa waliovamiwa walikuwa Waorma, ambao ni Waislamu, kifo cha askari hao kinamwekea Mkristo swali gumu: aheshimiwe vipi mtu aliyekufa akiwa zamu, bunduki mkononi, akiwakinga watu wa imani nyingine?

Jibu jepesi ni kumwita shahidi, yaani mtu aliyeuawa kwa kukataa kuikana imani yake. Jibu hilo linachanganya mambo, kwani askari hafi kwa sababu ya kumkiri Kristo bali kwa kutimiza kiapo alichokula kwa dola. Agano Jipya nalo halimdharau: Yohana Mbatizaji aliwaonya askari wasidhulumu watu na waridhike na mishahara yao, asiwaamuru kuacha kazi, na akida Kornelio alishukiwa na Roho Mtakatifu angali jeshini. Hata hivyo Basili wa Kaisaria, askofu wa karne ya 4, alishauri kwamba waliomwaga damu vitani wajizuie na ushirika mtakatifu kwa miaka mitatu, ingawa hakuwahesabu kuwa wauaji. Ushauri huo ni mkali, lakini unatambua kwamba hata damu iliyomwagwa kihalali humwachia mtu jeraha la rohoni, jambo ambalo hotuba za mazishi huliruka.

Mwongozo ulio bora zaidi unapatikana katika Samweli wa Pili, sura ya 23, ambamo Daudi anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mashujaa watatu wanapenya kambi ya Wafilisti na kumletea, naye anakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana kwa kuwa aliyaona kuwa damu ya waliohatarisha maisha yao. Katika delta ya Tana, ambako mkulima hulinda shamba lake la ukingoni na mfugaji hudai malka, yaani njia ya kupitishia ng'ombe hadi mtoni, kisa cha maji yenye thamani ya damu hakihitaji ufafanuzi mrefu. Daudi aliwaheshimu watu wake kwa kutojinufaisha na hatari waliyoipitia. Vivyo hivyo askari tisa hawaheshimiwi pale vifo vyao vinapogeuzwa hoja ya kabila moja dhidi ya jingine, au mtaji wa kisiasa, kishawishi kilichokuwa kikubwa wakati uchaguzi wa Machi 2013 ukikaribia.

Tena wimbo wa taifa la Kenya, ambao ni sala na ndio dola huutumia katika heshima zake kuu, una lahani iliyotokana na wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto, kwa hiyo hakuna heshima ya askari hao iwezayo kujengwa juu ya kuwachukia Wapokomo, jamii iliyohusishwa na shambulio hilo. Ibada ya kuwakumbuka ikifanyika Ngao, huko huko deltani, ambako wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walianza kazi mwishoni mwa karne ya 19, inafaa iwataje polisi hao pamoja na Waorma waliouawa nao, na ungamo la dhambi litangulie majina yote.