Haki ya Mshinde

Kiswahili kina maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu, lakini maana zake zinatazamana kama mashariki na magharibi: mshindi na mshinde. Mshindi ni yule aliyeshinda. Mshinde ni yule aliyeshindwa. Herufi moja hutenga furaha na huzuni, sifa na kimya, shibe na njaa. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii humwekea mshinde wajibu: apokee kushindwa kwake bila ya hasira wala kijicho, ampe mkono aliyemshinda, na aondoke uwanjani kwa staha. Wajibu huu ni mwema. Lakini kila wajibu una haki ubavuni mwake, na ni nadra kusikia mtu akiuliza mshinde naye anastahili nini. Swali hili lipo katika kila mchezo ambao watu wameufanya kuwa riziki. Katika tenisi ya kulipwa limekuwa jeraha lililo wazi.

Tenisi ni mchezo wa mtoano. Katika mashindano yake makuu manne, yaani yale ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, orodha ya wanaume wanaocheza mmoja kwa mmoja huwa na watu 128, na ya wanawake vivyo hivyo. Ili bingwa mmoja apatikane katika orodha hiyo, sharti michezo 127 ichezwe na watu 127 washindwe. Hata kama wote 128 wangelingana kwa nguvu, kwa ustadi na kwa bidii, 127 wangerudi makwao wameshindwa. Kushindwa, basi, si adhabu impatayo mvivu peke yake. Ni fungu ambalo mchezo wenyewe umekwisha kuligawa kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Lisilojulikana ni majina ya watakaolichukua.

Mwezi wa Juni 2010, katika duru ya kwanza ya Wimbledon, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza kwa muda wa saa 11 na dakika 5, katika siku tatu mfululizo. Seti ya tano peke yake ilikwisha kwa gemu 70 kwa 68. Isner alishinda. Pointi zilipohesabiwa, ilionekana kwamba Mahut alipata 502 na Isner 478. Sheria za tenisi haziangalii jumla ya pointi, bali nani aliyeichukua seti, na kwa sheria hiyo mtu huweza kuvuna zaidi akaondoka mtupu. Fainali ya wanaume ya Ufaransa mwaka 2025 ilikwenda njia hiyo hiyo. Carlos Alcaraz alimshinda Jannik Sinner baada ya saa 5 na dakika 29, ilhali Sinner alipata pointi 193 na Alcaraz 192. Naye Roger Federer, alipowahutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth mwaka 2024, aliwakumbusha kwamba katika michezo yake 1,526 alishinda karibu asilimia 80, lakini pointi alizopata zilikuwa asilimia 54 tu. Bingwa wa kizazi kizima alipoteza karibu nusu ya pointi alizocheza.

Mambo haya yanafundisha mawili. Kwanza, umbali baina ya mshindi na mshinde ni mwembamba kuliko unavyodhaniwa na wanaosoma matokeo tu. Pili, mchezo ni kazi ya watu wawili. Penye uwanja alipochezea Isner na Mahut kuna kibao ukutani chenye majina yao yote mawili, na haiwezekani kiwe vinginevyo, kwa kuwa Isner asingaliweza kucheza hata dakika moja ya saa zile 11 bila ya mtu wa kumrudishia mpira. Mkono mmoja haulei mwana, wala raketi moja haifanyi tenisi.

Sasa yatazamwe malipo. Katika mashindano hayo ya Ufaransa ya mwaka 2025, bingwa alipata yuro 2,550,000, aliyeshindwa katika fainali alipata 1,275,000, na aliyetolewa katika duru ya kwanza alipata 78,000. Mtu atasema kwamba hapa hakuna dhuluma: yuro 78,000 kwa alasiri moja ya kushindwa ni neema kubwa. Ni kweli, wala si huyo anayelalamikiwa. Mshinde anayestahili kutazamwa ni yule asiyefika Paris kabisa: aliye wa 300, wa 400 au wa 600 katika daraja za dunia, ambaye kila juma husafiri kutoka mji hadi mji akicheza mashindano madogo mbele ya watazamaji wachache. Nauli ni yake, malazi ni yake, chakula ni chake, nyuzi za raketi ni zake. Hana mshahara kama mchezaji wa kandanda, ambaye hulipwa na klabu yake hata siku timu inapofungwa. Akishindwa Jumatatu, juma lake la kazi limekwisha Jumatatu.

Shirikisho la Tenisi la Kimataifa liliwahi kuyapima mambo haya kwa hesabu za mwaka 2013. Karibu watu 14,000 walishiriki katika mashindano ya kulipwa mwaka huo, na karibu nusu yao hawakupata zawadi ya fedha hata kidogo. Ili mapato yake yalingane na gharama zake, mwanamume alihitaji kuwa kama wa 336 duniani, na mwanamke kama wa 253, tena kabla ya kuhesabu ujira wa mwalimu. Ni fundi gani mwingine ambaye, akiwa wa 340 kwa ubora katika dunia yote, hulazimika kuingia hasara ili afanye kazi yake? Daktari wa 340 duniani angejengewa hospitali.

Hapa hutokea pingamizi mbili, nazo hazifai kudharauliwa. Ya kwanza yasema kwamba hakuna aliyemlazimisha mtu kucheza tenisi. Dunia haidaiwi riziki na mtu aliyechagua kupiga mpira. Akiona hauleti chakula, na atafute jembe au kalamu. Hoja hii ingetosha kama mchezo wake ungekuwa burudani yake mwenyewe. Lakini mchezo wake unauzwa. Wenye mashindano huuza tiketi, huuza picha, na hata katika ngazi za chini kabisa matokeo ya kila pointi yamekuwa bidhaa ya kuuziwa kampuni za kamari. Mwenye kuuza kazi ya mtu hawezi kusema wakati huo huo kwamba mtu huyo hafanyi kazi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Yasema kwamba utamu wa mashindano umo katika tofauti. Ukimlipa mshinde sawa na mshindi, umeua hamu ya kushinda, na mchezo umekuwa maonyesho. Hoja hii ina ukweli, lakini imechanganya vitu viwili ambavyo insafu hutaka vitengwe: taji na mkate. Taji ni la mmoja, na likigawanywa huvunjika. Jina katika orodha ya mabingwa, kikombe, na sehemu kubwa ya fedha ni haki ya aliyeshinda, na mshinde mwenye adabu hataki kugawiwa vitu hivyo. Mkate ni kitu kingine. Mkate hautolewi kwa sababu mtu ameshinda, bali kwa sababu ametenda kazi ambayo bila yake hapangekuwa na cha kushindia. Kumnyima mshinde taji ni sheria ya mchezo. Kumnyima mkate ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu huweza kuulizwa sababu.

Historia ya tenisi yenyewe hushuhudia kwamba mengi yaliyoitwa desturi ya mchezo yalikuwa maamuzi tu. Kabla ya mwaka 1968 mashindano makuu yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao, na anayekiri waziwazi kwamba analipwa alifungiwa mlango. Rod Laver wa Australia alitwaa mataji yote manne mwaka 1962, akaingia katika kundi la wanaolipwa, na tangu hapo asiruhusiwe kuyachezea mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1968. Mwaka uliofuata akayatwaa yote manne tena. Wimbledon ya mwaka 1968 ilimpa Laver pauni 2,000, na bingwa wa wanawake, Billie Jean King, ikampa 750. Walikuwapo walioona tofauti hiyo kuwa ya haki. Marekani iliyalinganisha malipo ya wanaume na wanawake mwaka 1973, na Wimbledon ikafanya hivyo mwaka 2007. Uwanja haukupasuka, wala wavu haukuanguka.

Aidha, dhuluma isiyorekebishwa haikai mahali pamoja. Jopo huru lililochunguza uaminifu wa tenisi lilieleza mwaka 2018 kwamba ubovu wa kuuza mechi ulikuwa umezagaa zaidi katika ngazi za chini, na likaunganisha jambo hilo na uchache wa mapato pamoja na biashara ya kuwauzia wacheza kamari matokeo ya papo kwa papo. Mchezaji asiyeweza kulipa nauli ya kurudi kwao anapoahidiwa fedha ili apoteze seti moja, fedha zinazopita zawadi ya ubingwa wa juma zima, hujaribiwa mahali palipo dhaifu. Kosa ni lake, na sheria humwadhibu kwa haki. Lakini mwenye nyumba aliyeacha mlango wazi usiku kucha hawezi kuonyesha mshangao wote kwa mwizi.

Afrika ya Mashariki inalijua swali hili kwa karibu. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mashindano makuu. Baadaye alikwenda Marekani kusoma na kuchezea Auburn University. Mashindano ya ngazi ya chini yamepata kufanyika Nairobi, lakini mengi zaidi yako mbali, ng'ambo ya bahari. Kijana wa Ulaya aliyeshindwa leo hupanda gari la moshi akacheza kwingine juma lijalo. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam hununua tiketi ya ndege. Kushindwa ni kule kule, lakini bei yake si moja.

Yako matendo yanayoelekea kwenye insafu. Mwaka 2023 chama cha wachezaji wa kulipwa wa kiume, ATP, kilitangaza kiwango cha chini cha mapato kuanzia mwaka 2024: dola 300,000 kwa mwaka kwa walio 100 wa kwanza, 200,000 kwa wa 101 hadi 175, na 100,000 kwa wa 176 hadi 250. Hili ni jambo la kusifiwa, kwa maana ni kukiri kwamba mkate na taji ni vitu viwili. Hata hivyo ukingo wake umewekwa palepale ambapo shida huanza. Mwaka 2025, mwezi wa Machi, umoja wa wachezaji ulioanzishwa mwaka 2020 na Novak Djokovic na Vasek Pospisil ulivishtaki vyombo vinavyotawala tenisi kuhusu malipo na ratiba. Hukumu yoyote itakayotolewa na mahakama, swali la maadili litabaki.

Fedha zenyewe zipo. Mwezi wa Oktoba 2024 wachezaji sita mashuhuri walialikwa Riyadh kucheza mashindano yasiyokuwa na pointi hata moja ya kupandisha daraja. Sinner, aliyeshinda, alipata dola milioni 6, na iliripotiwa kwamba kila mmoja wao aliahidiwa milioni 1.5 kwa kufika tu. Wale wanaosema kwamba kumlipa mshinde huua mchezo wautafakari mfano huu. Mshinde hulipwa, na hulipwa sana, iwapo jina lake ni kubwa. Kinachokataliwa, basi, si malipo ya mshinde, bali malipo ya mshinde mdogo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika mchezo huu mnyonge hatakiwi apewe zaidi ya haki: nauli ya kumfikisha kwenye mashindano yanayofuata, kitanda cha kulala, na ujira wa mwalimu anayemnoa. Bingwa wa miaka kumi ijayo yuko mahali fulani leo, katika uwanja usio na watazamaji, naye yamkini anashindwa. Akiacha raketi kwa kukosa ustadi, mchezo umehukumu. Akiiacha kwa kukosa nauli, mchezo haukuhukumu lolote; umempoteza tu, wala hautajua umempoteza nani.