Tamu Isiyo na Sukari

Mkoa wetu una viwanda vya sukari, Kilombero na Mtibwa, lakini siku hizi hata kwenye friji la duka hapa Ngerengere huenda ukakuta soda iliyoandikwa haina sukari. Igeuze usome maandishi madogo: aspatemi. Hiyo ni tamu kuliko sukari mara 200 hivi, kwa hiyo chembe tu inatosha chupa nzima.

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitu hivi vitamu vya badala ya sukari kupunguza uzito. Kwa muda mrefu havisaidii, na tafiti zimevihusisha na kisukari cha aina ya pili na maradhi ya moyo. Kuhusisha si kuthibitisha. Pengine wanaovikimbilia ni wale walionenepa tayari. Walio na kisukari tayari hawamo kwenye ushauri huo.

Julai ikaja habari ya saratani, watu wakashtuka. Aspatemi iliwekwa kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ila kiwango kinachokubalika kikabaki miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 70 angekunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda hiyo kwa siku ndipo akizidishe. Tumbo gani hilo, jamani?

Mimi ananisumbua zaidi mzee mwenye kisukari anayeagiza soda hiyo, kisha anauteremsha mlima wa ugali wa sembe kwa amani kabisa. Wanga ule unageuka sukari kwenye damu yake vilevile. Ukienda kliniki, mzee wangu, uliza na habari za sahani.