Jani Linukialo Waridi

Barazani kwangu kuna chungu cha mjeraniamu. Maua yake ni madogo, hayana la kujisifia. Uzuri wake umo majanini. Ukilifikicha jani kati ya vidole, hunukia waridi. Asili ya mmea huu ni Afrika Kusini, na ndugu zake wengine hunukia limau, wengine mnanaa. Mimi hutandika majani sita ndani ya chombo kilichopakwa siagi, nikamimina mchanganyiko wa keki juu yake, nikaoka. Keki ikiiva huyabandua majani, maana ni magumu na yana vinyweleo. Harufu hubaki.

Siku moja shangazi yangu, mzaliwa wa Mombasa, alikuja kunitembelea. Alipoionja keki alifumba macho.

"Mwanangu, haya ndiyo marashi ya waridi hasa. Umenikumbusha jikoni kwa mama."

Nikatabasamu, nikanyamaza.

Je, nilisema uongo? Sikutamka neno. Wala jani halikumdanganya, kwani mafuta yake yana jeranioli na sitroneloli, ambazo zimo pia katika waridi. Lakini hebu, msomaji, tuwatazame wauza manukato. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji kilo 3,000 za maua au zaidi. Kwa hiyo wapo wanaoyachanganya na mafuta ya jeraniamu, yaliyo rahisi kwa bei, wakayauza yote kwa jina la waridi. Mafuta hayana kosa. Kosa limo katika karatasi iliyobandikwa chupani. Kimya changu siku ile kilikuwa karatasi ya namna hiyo.

Labda utaniuliza: kama alifurahi, hasara iko wapi? Nami nilijitetea hivyo wiki nzima. Hatimaye nikampelekea tawi la mmea ule, nikamweleza yote. Alilifikicha jani, akanusa, akanusa tena.

"Kumbe!" akasema. "Na siku ile ukaninyima hili?"

Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa nimeogopa kwamba ukweli ungempunguzia furaha, kumbe ungemwongezea. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Jani lile lilikuwa zuri kwa jina lake lenyewe; mimi ndiye niliyeliazimia jina la mwenzake. Siku hizi mgeni akilisifu waridi langu, humshika mkono nikampeleka barazani.